UZI: Kabla hujachora vimpira vya atomu, hesabu elektroni kwanza (klasta ndogo za metali)

#1 Obitali (mleta uzi)

Wakuu, huu uzi nimeuahidi muda mrefu mpaka watu wakaanza kunicheka, leo naushusha. Ni kuhusu klasta za metali, yaani vile vishada vya atomu chache, mbili tatu mpaka mia kadhaa hivi, na swali langu ni moja tu, elektroni humo ndani zinajipangaje. Nitaandika ninavyoongea, mnivumilie.

Tuanzie kwenye kipande cha sodiamu cha kushika mkononi (usikishike kweli, kitakuunguza). Kile kina atomu nyingi kiasi kwamba viwango vya nishati vya elektroni zake vimebanana vikawa kama mteremko mmoja usio na ngazi, elektroni inapanda kidogo tu inapotaka, ndo maana umeme unapita. Sasa chukua atomu moja peke yake, viwango vyake vimeachana mbali, pale kuna ngazi kabisa na kati ya ngazi na ngazi hakuna pa kukanyaga. Kwahiyo mtu yeyote mwenye akili yake atauliza, nikiongeza atomu moja moja, hizo ngazi zinageuka mteremko lini?

Ryogo Kubo mwaka 1962 alitoa makadirio rahisi sana. Umbali wa wastani kati ya kiwango na kiwango ni kama nishati ya Fermi (nishati ya elektroni iliyo ngazi ya juu kabisa iliyojazwa) mara nne, gawa kwa tatu, gawa tena kwa idadi ya elektroni. Sodiamu nishati yake ya Fermi ni 3.24 eV (eV ni kipimo kidogo cha nishati), atomu moja inatoa elektroni moja, kwahiyo unapata 4.32 gawa kwa idadi ya atomu. Joto la kawaida la chumba ni kama 0.025 eV. Piga hesabu, zinalingana ukifika atomu kama 170. Chini ya hapo joto la chumba haliwezi kuipandisha elektroni hata ngazi moja. Ukiwa na atomu 8 ngazi inatoka nusu eV, mara ishirini ya hilo joto, hapo usiniambie habari ya metali kama unavyoijua.

Ila huo ni wastani, na wastani unaficha mambo. Ngazi zenyewe hazijapangwa sawasawa, zinakuja kwa mafungu, na mafungu ndo utamu wenyewe.

1984, Walter Knight na wenzake pale chuo cha Berkeley, Marekani, walichemsha sodiamu kwenye tanuru, mvuke wakauchanganya na gesi ya argoni, wakausukuma kupitia kitundu kidogo kuingia kwenye ombwe. Gesi inapanuka ghafla, inapoa, atomu za sodiamu zinashikana zikiwa njiani. Alafu mwanga unaing'oa kila klasta elektroni moja ili iwe na chaji, na mashine inazipanga kwa uzito, za atomu 4 hapa, za atomu 5 pale, unahesabu ngapi zimefika. Ungetegemea mchoro ushuke taratibu, kubwa ziwe chache kuliko ndogo. Haukushuka hivo. Kwenye 8 kilele kirefu, 9 inaanguka. Kwenye 20 tena kilele, 21 inaporomoka. Alafu 40, 58, 92.

Maelezo yake ni ya kushangaza kwa urahisi. Sahau kwamba kuna atomu. Chukulia chaji chanya zote zimesagwa zikawa kama jeli iliyosambaa sawasawa ndani ya tufe, alafu mwagia elektroni humo. Zinajaza maganda, s inachukua 2, p inachukua 6, d 10, f 14, g 18. Jaza kwa mpangilio wa nishati: 1s mbili, 1p sita jumla 8, 1d kumi jumla 18, 2s mbili jumla 20, 1f kumi na nne jumla 34, 2p sita jumla 40, 1g kumi na nane jumla 58, 2d na 3s zinakupeleka 70, 1h yenye 22 inakufikisha 92. Linganisha na vilele vya hapo juu. Mwaka huohuo Walter Ekardt naye alikuwa anapiga hesabu za jeli hiyohiyo kivyake akaona maganda hayohayo.

Msimamo wangu kwenye huu uzi ndo huo: idadi ya elektroni ndo inaongea kwanza. Maumbo, pembe, picha za vimpira zinafuata nyuma. Karibuni mnipinge.

#2 bintiHesabu

Asante mkuu, nimekufuata vizuri hadi ulipoandika 1p na 1d hapo umenipiga chenga. Sie tulifundishwa p inaanza na 2 na d inaanza na 3, hiyo 1p imetokea wapi? Na mbona 18 na 34 umezijaza lakini kwenye vilele hazipo?

#3 Obitali

Swali zuri dada, na watu wengi wanaona aibu kuliuliza. Ni namna ya kuhesabu tu. Kwenye atomu ile namba ya mbele inajumlisha mikunjo yote ya wimbi, ya kwenda nje na ya kuzunguka, kwahiyo p haiwezi kuwa na 1. Kwenye klasta tumeazima uandishi wa watu wa viini vya atomu, wao namba ya mbele inasema tu hii ni p ya kwanza, hii ni p ya pili. Hakuna fizikia mpya.

Ila kuna tofauti moja ya kweli. Ndani ya atomu mvuto umejikusanya katikati kwenye kiini, kwenye jeli mvuto umesambaa, sakafu ni bapa alafu ukutani panapanda ghafla. Sakafu ikiwa bapa, elektroni zinazozunguka mbali na katikati hazipati hasara kubwa, ndo maana 1d inakaa chini ya 2s, na 1f chini ya 2p.

18 na 34 ni kwa sababu pengo la kutoka 1d kwenda 2s ni dogo, na la 1f kwenda 2p pia. Kilele kinahitaji pengo kubwa mbele yake. Ukimaliza 20 ngazi inayofuata iko juu kweli, ukimaliza 18 ni kuruka kijikaratasi.

Na kwa kuwa nimewataja watu wa viini, wao wana namba zao za ajabu, 2, 8, 20, 28, 50, 82, 126, ambazo ziliwapa Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen sehemu ya Nobel ya 1963. Ona zinaanza sawa na za sodiamu, 2, 8, 20, alafu zinaachana njia. Ndani ya kiini spini ya chembe (kama kujizungusha kwake yenyewe) imeshikana sana na mzunguko wake mpaka maganda yanapasuka vipande, kwenye sodiamu huo mshikamano ni mdogo sana, ndo maana sisi tuna 40 na 58 wao wana 28 na 50.

#4 Shaba29

Mi nakupinga mapema kabla uzi haujakua mrefu. Jeli ni uongo mtamu. Ioni zipo pale, hazijasagwa na mtu. Na vilele kwenye wigo (ule mchoro wa ngapi zimefika kwa kila uzito) haviitaji elektroni kabisa ili vitokee. Klasta za zenoni, gesi isiyojali mtu, zina vilele kwenye 13, 55, 147, hayo yalishapimwa toka 1981, na pale maelezo ni upangaji tu, mpira mmoja katikati, 12 kuuzunguka, alafu safu nyingine juu. Sa unajuaje 8 na 20 zako sio upangaji wa aina nyingine? Umeona namba zinalingana ukafurahi.

#5 MzeeWaMaabara

Vijana niruhusuni, maana mimi hizo mashine nimezifungua na kuzifunga miaka mingi.

Shaba29 swali lako ni sahihi na jibu lake limo kwenye chaji. Kama namba ya ajabu inatokana na upangaji wa mipira, ukiondoa elektroni moja mipira inabaki ileile, kilele hakiendi popote. Kama inatokana na elektroni, kilele lazima kihame. Haya, chukua klasta za sodiamu ambazo zimeshang'olewa elektroni kabla hazijapata muda wa kumwaga atomu za ziada. Vilele vinakuja 9, 21, 41. Atomu 9 toa elektroni moja ni 8. Atomu 21 toa moja ni 20. Nenda upande wa pili, shaba au fedha yenye chaji hasi, zilizotulia ni za atomu 7 na za atomu 19. Ongeza moja uone. Zenoni ukiichezea chaji, 13 inabaki 13.

Jambo la pili ambalo vitabu vinaruka. Watu wanadhani kilele cha 8 maana yake klasta za 8 zilitengenezwa kwa wingi. Sivyo. Zikitoka kwenye kitundu zina joto, na klasta yenye joto inatema atomu kama maji yanavyotoa mvuke. Ile ya 9 imeshikilia atomu yake ya mwisho kwa ulegevu, inaitema, inakuwa 8. Ile ya 8 imejifunga, haitemi kirahisi. Kwahiyo wanarundikana pale wakisubiriana. Unachokiona ni msongamano wa waliokwama.

Na la tatu, onyo kwa wanaoanza. Chagua mwanga wako vizuri. Siku moja nilipunguza nishati ya mwanga mpaka karibu na ile ya kung'oa elektroni, nikaangalia wigo nikakuta kwenye 20 hakuna kilele, kuna shimo. Nilikagua pampu, nikakagua tanuru, nikakaribia kufungua kigunduzi. Kumbe hakuna kilichoharibika. Ile ya 20 ganda limejaa, elektroni yake imeshikwa kwa nguvu kuliko jirani zake, mwanga wangu ulikuwa dhaifu haukuweza kuing'oa, na isiyo na chaji mashine haiioni. Klasta zilikuwepo tele, mimi ndo sikuwa na macho.

#6 Shaba29

Dah, hiyo ya chaji nimeikubali mzee. Hoja ya kuhama kilele sikuwa nayo. Ila jeli bado sijaimeza yote.

#7 Obitali

Mzee umenisaidia, hiyo hoja ya chaji ningeiweka mwanzo kabisa.

Naongezea hapo kwenye kung'oa elektroni. Atomu moja ya sodiamu unahitaji 5.14 eV. Kipande kikubwa unahitaji kama 2.75. Klasta ziko katikati na zinashuka kadiri zinavyokua, sababu ya kawaida tu ya umeme, ukiing'oa elektroni tufe linabaki na chaji chanya, na chaji kwenye tufe dogo ina gharama kubwa kuliko kwenye tufe kubwa. Mteremko huo hata mtu wa karne ya 19 angeuchora. Kisichokuwa cha kwake ni meno yaliyopo juu ya mteremko. Ukivuka 8 kwenda 9 panaanguka, ukivuka 20 panaanguka, na katikati yake kuna vijimeno vidogo vya shufwa na witiri, zenye idadi shufwa ya elektroni zimeshika zaidi kwa sababu kila moja ina mwenzake.

Sasa Shaba29 kuhusu umbo, hapa nakutega kidogo. We unasema umbo linaamua, mi nasema sawa, ila umbo lenyewe nani analiamua? Ganda likiwa limejaa, elektroni zimesambaa sawa pande zote na klasta inakuwa tufe. Ganda likiwa nusu, tufe halina faida tena, klasta inajirefusha au inajibapaza ili ishushe nishati. Keith Clemenger 1985 aliazima wazo la Sven Gösta Nilsson la mwaka 1955 kuhusu viini vilivyopinda, akaruhusu tufe liwe kama yai, na vile vilele vidogovidogo vya katikati ambavyo tufe halikuweza kuvieleza vikaanza kueleweka. Sodiamu ya atomu 3 haikai pembetatu yenye pande sawa, inapinda. Ya atomu 4 inalala bapa kama uru ya kwenye karata. Hiyo uru hakuichagua mtu wa kupanga mipira, mipira minne ukiipanga kwa mikono unapata piramidi. Elektroni 4, mbili kwenye 1s na mbili kwenye 1p moja, hiyo p moja ina mwelekeo, na klasta inarefuka kuufuata.

#8 Kipimo_Tu

Nasoma kimyakimya toka mwanzo. Je, huu mrefuko unaonekana kwenye rangi? Maana kuchungulia umbo la kitu chenye atomu kumi sidhani kama kuna darubini.

#9 Obitali

Unaonekana, na we umegusa sehemu tamu. Elektroni zote za klasta zinaweza kuyumba kwa pamoja kama maji kwenye beseni, hiyo wanaiita plazmoni. Ukichukua sodiamu ya kawaida na kanuni za zamani za mwanga kwenye vitufe, unapata inapaswa kumeza mwanga kwenye 3.4 eV. Klasta ya atomu 8 inameza kwenye 2.5 hivi. Imeshuka sana. Sababu kubwa ni kwamba elektroni hazikai ndani ya mpaka wa jeli, zinamwagikia nje kidogo, na kwenye kitu kidogo hivyo "kidogo" ni sehemu kubwa ya mwili wote. Wingu likiwa limetanuka linavutwa kwa ulegevu, linayumba polepole.

Alafu umbo sasa. Klasta ya tufe inatoa kilele kimoja. Iliyorefuka inatoa viwili, kimoja cha kuyumba kwa urefu na kingine cha kuyumba kwa upana. Unasoma umbo kwa kuhesabu vilele, huhitaji darubini.

#10 bintiHesabu

Mkuu mi nataka nijaribu kupiga hesabu ya alumini 13 kwenye kompyuta, nimesikia ni maarufu. Kuna mtego wowote?

#11 Obitali

Hahaha kaa chini nikuhadithie aibu yangu.

Alumini inatoa elektroni 3 kila atomu. 13 mara 3 ni 39. Ongeza chaji hasi moja, 40. Ganda limejaa. Na zaidi ya hapo, 13 ni ile namba ya Shaba29, atomu moja katikati na 12 kuizunguka, umbo la nyuso 20. Yaani idadi na umbo vimekutana siku moja. Timu ya mkemia Castleman mwaka 1989 waliziachia klasta za alumini zenye chaji hasi kwenye oksijeni, nyingi zikaliwa, zikabaki zimesimama za 13, 23 na 37. Hebu hesabu, 23 mara 3 ongeza 1 ni 70, 37 mara 3 ongeza 1 ni 112. Alumini ambayo kwa kawaida oksijeni ikiigusa tu inashika ngozi ya oksidi, pale imekaa kimya wala haijali.

Sasa mimi nilipoandika faili langu nikasahau ile chaji hasi. Niliweka elektroni zote ziwe na wenza, programu ikagoma papohapo, maana jumla ni 13 mara 13, 169, witiri, haiwezekani zote ziwe na wenza. Badala ya kujiuliza kwanini inagoma, nikabadilisha mpangilio wa spini ili inyamaze. Ikanyamaza. Ikakimbia usiku mzima, nishati inapanda inashuka haitulii, nikaisukuma kwa ujanja ikatulia, na umbo lililotoka halikuwa nyuso 20 sawasawa, lilikuwa limepinda kidogo. Nikaanza kuandika kwamba nimegundua upindaji. Siku mbili! Kumbe nilikuwa na alumini 13 isiyo na chaji, elektroni 39, ganda lina tundu moja, lazima ipinde na lazima isumbue kutulia. Kompyuta ilikuwa inanieleza ukweli toka dakika ya kwanza, mimi ndo nikaiziba mdomo.

Kwahiyo weka chaji -1, jumla 170, zote zina wenza, acha ikimbie.

Na hilo tundu moja lina habari yake. Alumini 13 isiyo na chaji ina kiu ya elektroni moja kama klorini ilivyo, na nishati inayopata ikiipokea ni kama 3.6 eV, karibu sawa kabisa na ya klorini ambayo ni 3.61. Ndo pakazaliwa jina la supaatomu, klasta nzima inajifanya atomu moja. Mwaka 2004 Castleman na Khanna na wenzao walitoa ushahidi wa alumini 13 kushikana na iodini, na ile chaji hasi ilikaa zaidi upande wa alumini, yaani klasta ilimnyang'anya iodini.

#12 Shaba29

Sawa, sasa nije na dhahabu, hapo ndo uzi wako unapata shida. Dhahabu nayo inatoa elektroni moja, 6s. Kwa hesabu yako inapaswa kufanana na sodiamu. Mbona klasta za dhahabu zenye chaji hasi zinalala bapa kama karatasi mpaka atomu 11 hivi? Sodiamu ilishaacha ubapa zamani.

#13 Obitali

Hapo nakubali, idadi peke yake haitoshi. Dhahabu ina kiini kizito chenye chaji 79, elektroni zinazopita karibu na kiini zinakimbia kwa kasi isiyo mbali sana na ya mwanga, kwahiyo nadharia ya Einstein inaingia hata kama hukuialika. 6s inajikunja ndani, 5d inasukumwa nje, zinakaribiana na kuchanganyika. Sasa elektroni zinazoshika klasta sio s laini ya kumwagika kila upande, zina d ndani yake, na d ina mielekeo. Ndo maana ubapa unalipa. Ukifanya hesabu ukaizima hiyo athari ya kasi kwenye kompyuta, ubapa unapungua sana, hilo limeshafanywa.

Ila usisherehekee bado. Mwaka 2003 timu ya Lai-Sheng Wang ilionyesha dhahabu 20 ni piramidi ya pembetatu nne, kipande kabisa cha dhahabu ya kawaida, na pengo kati ya elektroni ya mwisho na ngazi tupu ni 1.77 eV, kubwa hata kuliko la ile kaboni 60 yenye umbo la mpira. Umbo ni la kwako, jiometria tupu. Lakini kwanini 20? Sio 19, sio 21.

#14 Shaba29

Umeniweza hapo, lakini nitarudi na metali za d.

#15 MzeeWaMaabara

Rudi, maana ndo mahali jeli inapokufa kweli. Chuma, kobalti, nikeli, rodiamu, pale elektroni za d zinakaa kwenye atomu zao na kila moja imeleta spini yake, huwezi kuzimwaga kwenye tufe. Walt de Heer, mmoja wa wale wa 1984, miaka kumi baadaye alikuwa na wenzake wanapima usumaku wa klasta za chuma, ndogo zilitoa kama 3 kwa atomu kwa kipimo cha Bohr (kipimo cha usumaku wa atomu), wakati chuma cha kawaida ni 2.2. Na rodiamu, ambayo kwa kipande kikubwa sio sumaku kabisa, mwaka 1993 klasta zake ndogo zilipita kwenye uga wa sumaku njia yao ikapindishwa. Hesabu ya 8 na 20 haikuambii lolote kuhusu hayo.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni zebaki. Kila atomu ina 6s iliyojaa, elektroni mbili. Kwa hesabu ya mleta uzi zebaki 4 ni elektroni 8, ganda limejaa, shangwe. Uongo. Zebaki 4 ni atomu nne zinazogusana kwa ulegevu kama zenoni, elektroni hazijatoka nyumbani kwao. Mpaka bendi (fungu la ngazi) ya s na ya p zikutane ndo inakuwa metali, na vipimo vya klasta hasi vya 1998 vilionyesha pengo likipungua polepole na mstari ukielekea sifuri kwenye atomu kama 400. Kwahiyo kabla ya kuhesabu elektroni, uliza zimeshahama au bado.

#16 Obitali

Mzee hiyo sentensi ya mwisho naichukua. Hesabu yangu inafaa pale elektroni zimeshahama. Sodiamu, potasiamu, alumini kiasi kikubwa, shaba na fedha kiasi. Nimesahihishwa na nimekubali.

#17 bintiHesabu

Mi nimekuja na kitu nimekifanya mwenyewe. Nimechukua mizizi ya tatu ya namba zenu, kwa kuwa mzizi wa tatu wa idadi ni kama kipenyo. Za elektroni: 8 ni 2.00, 20 ni 2.71, 40 ni 3.42, 58 ni 3.87, 92 ni 4.51. Hatua zinachezacheza kati ya 0.45 na 0.71. Za mipira: 13 ni 2.35, 55 ni 3.80, 147 ni 5.28, 309 ni 6.76. Hatua karibu 1.5 kila mara. Kwahiyo mtu akiniletea wigo bila kunieleza, si naweza kujua sababu kwa kupima hatua tu?

#18 MzeeWaMaabara

Binti, hicho ulichokifanya ndicho walichofanya kwa sodiamu kubwa. Timu ya T. P. Martin kule Stuttgart walifuata sodiamu mpaka atomu kama 22,000. Mpaka karibu 1,500 hatua fupi, elektroni. Kuvuka hapo hatua ndefu, safu za mipira. Joto nalo lina usemi, klasta ikiwa ya moto imeyeyuka, haina safu, elektroni zinabaki zinaongea peke yao. Ikipoa ikaganda, safu zinachukua.

Na kwenye zile za moto kuna kioja. Nguvu ya maganda haibaki sawa, inapungua mpaka karibu kupotea kwenye atomu kama 1,000, alafu inarudi. Ni kama nyuzi mbili za gitaa zilizokaribia kukubaliana lakini bado, sauti inavimba na kufifia. Huku nyuzi zenyewe ni njia mbili za elektroni ndani ya tufe, ya pembetatu na ya mraba, urefu wake unakaribiana. Nishioka, Hansen na Mottelson walilitabiri 1990, mwaka uliofuata kundi la Copenhagen likaliona.

#19 Kipimo_Tu

Swali la mwisho kutoka kwangu, haya yote ni ya ombweni tu? Kuna klasta ya kuweka kwenye chupa?

#20 Obitali

Zipo, unazivisha koti. Dhahabu 25 imefunikwa na vikonyo 18 vyenye salfa (molekuli ndogo zilizoshika kwa nje), ina chaji hasi moja. Kila kikonyo kinaifunga elektroni moja ya dhahabu. 25 toa 18 ongeza 1.

#21 bintiHesabu

8!!! Na ile ya dhahabu 102 yenye vikonyo 44, ambayo muundo wake ulipigwa picha kwa eksirei 2007, 102 toa 44 ni 58. Jamani.

Na alumini 13 yangu imetulia, chaji -1, nyuso 20 zote sawa.

#22 Shaba29

Haya binti, nikutege. Ing'oe ile dhahabu 25 hiyo chaji yake. Vikonyo vilevile, dhahabu ileile. Utaona nini?

#23 bintiHesabu

Zinabaki 7. Moja haina mwenza. Kwahiyo sampuli inapaswa kuvutwa na sumaku, wakati ile yenye chaji hasi haivutwi. Nimekosea?

#24 MzeeWaMaabara

Hujakosea. Imepimwa, inavutwa.

#25 Shaba29

Nimekaa kimya.